Picha Mbili Kwenye Meza ya Mashine

Bahasha ya kwanza ilifika matanga ya mke wangu yakiwa hayajaanuliwa. Kaka yake alikuwa ametumwa posta kuangalia sanduku, akarudi nayo: ya kaki, imetuna, ina stempu mbili zisizofanana, na jina la dada yake limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Kwetu bahasha inayoingia nyumba ya msiba ni rambirambi, kwa hiyo sikujiuliza. Nilimpa shangazi yangu wa Kiriba, ambaye ndiye aliyeshika kapu, naye akaifungua mbele ya watu ili kilichomo kitajwe.

Hamkuwa na pesa. Mlikuwa na picha nane za karatasi, na zote nane zilikuwa picha moja: mizani ya kupimia pamba imening'inizwa kwenye tawi, haina mzigo, na nyuma yake mbuzi anaangalia pembeni.

Shangazi alizigeuza moja moja. "Mbuzi ndiyo huyuhuyu," akasema. "Au wanatuahidi mbuzi nane?"

"Shangazi, huyo ni mmoja, amepigwa mara nane."

"Basi wangetuma huyo mmoja mwenyewe, tumchinje. Wa karatasi tutamla na nini?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwangu tangu tuzike, na nilishangaa kuona kwamba nami nacheka.

Kilicholetwa msibani kinagawanywa, hasa kwa waliotoka mbali. Ndivyo tulivyofanya. Shangazi alichukua moja, mzee wa Bunda akachukua moja, na nyingine zikaenda na watu ambao majina yao siwezi kuyakumbuka. Bahasha ya pili ilipofika nilianza kusita, kwa kuwa nayo ilikuwa na picha nane zinazofanana, mlango wa bati wenye kivuli cha baiskeli. Hiyo sikuigawa. Ya tatu ilipofika niliiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Ndipo mwenye mizani alipopiga simu kutoka Bunda. Ni mkulima wa pamba, na mimi nilikuwa simjui. Alinipa pole kwa utaratibu, akasema habari zilimfikia akiwa ameshatuma, halafu akauliza, "Shemeji, ile mizani yangu ilifika?"

"Ilifika. Tumeshaigawa."

"Mmegawa? Ina maana za wenzangu wote zimeshaingia?"

"Hapana. Tumewagawia wazee waliokuja kwenye msiba."

Nikamsikia anajizuia kucheka, kwa sababu mtu hacheki kwa mfiwa. "Shemeji," akasema, "kumbe mizani yangu imekuwa rambirambi!" Akashindwa, akacheka kabisa, halafu akaomba radhi, halafu akanieleza.

Mke wangu alikuwa mhudumu wa zahanati hapa Musoma. Mimi nina mashine ya kusaga na kukoboa, na elimu yangu ni darasa la saba. Nilijua kwamba anapiga picha, kwamba anazisafisha Bunda kwa sababu studio ya hapa ilikuwa inawang'arisha watu mno, na kwamba anapokea bahasha. Nilidhani nikijua hayo nimejua yote. Sasa nikajifunza mengine kwa mtu wa simu.

Wanauita mzunguko. Ni watu tisa wanaopenda kupiga picha. Wengine wako Musoma mjini, wengine Bunda na Butiama, na mmoja yuko Nyegina, anatumia sanduku la misheni kwa ruhusa ya padri. Hakuna hata mmoja anayekula kwa kamera. Kila mzunguko, kila mtu anachagua picha yake moja tu, anasafisha nakala nane, anazituma kwa mpangaji. Mpangaji anasubiri mpaka za wote zifike. Halafu anazigawa kama karata, na kila mmoja anarudishiwa picha nane tofauti, moja ya kila mwenzake. Ukishapokea, unaandika kikaratasi kwa kila picha, ukitaja unachokiona. Hupaswi kusema ni nzuri wala ni mbaya. Unataja ulichokiona tu, na kikaratasi kinapitia kwa mpangaji kurudi kwa mwenye picha.

Mpangaji alikuwa mke wangu.

"Kwa nini msitumiane kwenye simu?" nilimuuliza mkulima. Swali hilo nilikuwa nalo siku nyingi bila kujua kwamba ninalo.

"Ya simu unaipitisha kwa kidole, unaenda kwenye nyingine. Ya karatasi, shemeji, inakaaga mezani. Unakula, inakuangalia."

Nilikwenda Kiriba kumwomba shangazi anirudishie mizani. Alikuwa ameipigilia msumari ukutani, karibu na kalenda ya parokia. Nilimweleza mambo ya mzunguko, akasikiliza mpaka mwisho, akakataa.

"Kitu kikishatoka nyumba ya msiba hakirudi. Unataka urudi nacho na kifo?"

"Shangazi, ni picha ya mtu. Anaihitaji."

"Asafishe nyingine. Si ana kamera? Na huyu mbuzi nimeshamzoea."

Mkulima alisafisha nyingine. Wakati anazileta, bahasha nyingine nazo zilikuwa zinaingia, na nilianza kuzifungua mchana mashineni wateja wakipungua. Nilinawa mikono kwanza, kwa sababu unga hauachi kitu. Nilitafuta pia vikaratasi vya mizunguko ya zamani ambavyo mke wangu alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, nikavisoma nikiwa na picha zenyewe pembeni. Mtu wa Nyegina aliandika: "Naona viti vitatu na kivuli cha kiti cha nne." Niliangalia picha ile, viti vilikuwa vitatu kweli. Niliangalia tena na kivuli cha kiti cha nne kilikuwepo, kwenye pembe ya chini. Hata sijui nilikaa nacho muda gani. Mteja alinipigia kelele kwamba ndoo yake imejaa na unga unamwagika.

Tangu siku hiyo nikashikwa. Huzuni haikupungua, nisidanganye. Ila palikuwa na mahali pengine pa kupeleka macho.

Bahasha zote nane zilipotimia, ikabaki moja, ya mke wangu mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa amefungua mzunguko ule, akawaandikia wenzake watume, na yeye hakuwahi kutuma. Bila picha yake, kila mtu angepata saba badala ya nane, na nafasi yake ingefungwa. Nilimpigia mama mstaafu wa Butiama, ambaye ndiye mkubwa wao, nikamwambia nitaitoa picha kwenye kamera ya marehemu.

"Ipi?" akauliza.

"Nitaangalia iliyo nzuri."

"Hapana, mkwe wangu." Ananiita mkwe kwa sababu alimfundisha kazi mke wangu zamani, akamfanya mwanawe. "Picha anachagua mwenyewe. Ukichagua wewe, hiyo ni yako. Na wewe si mwanachama."

"Mwenyewe hawezi tena kuchagua, mama."

"Najua. Kama alishachagua, itume. Kama hakuchagua, tutafunga nafasi yake kwa heshima. Sisi hatumsemeagi mtu alichoona."

Sikumkasirikia. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Lakini niliweka simu chini nikiwa na neno moja tu kichwani: kufunga. Kanisani tulishafunga, zahanati walishamweka mtu mwingine kwenye kiti chake. Sikutaka na hapa pafungwe.

Nilifungua kamera. Mlikuwa na picha nyingi mno, na sikuweza kujua kwa nini baadhi alizipiga. Kuna ukuta mtupu. Kuna sufuria letu limefunikwa. Kuna tundu la funguo. Niliona kwamba hata nikikaa nazo mwaka mzima sitajua ipi aliitaka. Nikafunga mashine, nikapanda basi la Bunda.

Fundi wa studio ni mtu mnene mwenye maneno mengi. Nilipojitambulisha aliacha kukata picha za pasipoti, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kumbe wewe ndiyo bwana mwenyewe! Sasa mbona umechelewa? Mke wako yule aliniteseaga roho mimi. Anakuja, nasafisha, anaiangalia, anasema, 'Kaka, huyu mtu umemfanya mzungu, mrudishe.' Namrudisha. 'Sasa umemchoma.' Dada, nikamwambia, nenda ukamzae upya!"

"Kuna kazi yake yoyote iliyobaki?"

"Ipo. Alituma kadi moja ya kamera yake kwa mtu wa basi, akapiga simu, akasema nitoe za majaribio mbili. Nyingine nisiguse mpaka aamue. Mimi nikasubiri aamue." Alivuta droo, akatoa bahasha nyembamba. Hakuniangalia wakati ananipa. "Hakupiga tena."

Nilizitazama nikiwa nimesimama palepale, watu wa picha za pasipoti wananisukuma.

Ya kwanza ilikuwa miamba ya ziwani, ile yetu mikubwa ya Musoma, na nguo zimeanikwa juu yake: shuka yenye maua, sketi za shule, fulana, vitambaa vya mtoto. Hapana mtu. Pembeni nusu ya beseni la bluu, na ziwa juu kabisa, jembamba kama utepe.

Ya pili ilikuwa mimi. Yaani mgongo wangu. Nimenyoosha mikono juu, namimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, na mwanga wa mlangoni umepita katikati ya vumbi la unga mpaka vumbi likaonekana kama kitu cha kushikika. Sikujua kwamba aliipiga. Mashine ikiunguruma husikii mtu nyuma yako. Alisimama pale, akaniangalia kwa muda wa kutosha, akaondoka, na mimi sikugeuka.

Niseme wazi nilichotaka. Nilitaka iende hiyo ya pili. Nilitaka ifike Butiama na Nyegina na kote, na watu wale nane waone kwamba mke wangu aliniangalia hivyo. Kwenye basi la kurudi nilishapata na sababu: kwamba ni picha bora, kwamba yeye mwenyewe angeipenda. Lakini kila nikijiuliza nimejuaje, niliishia kwenye nilichotaka mimi. Kabla ya kufika nyumbani nikajua kwamba mtu wa mwisho anayefaa kuamua ni mimi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Butiama. Mama mstaafu anaishi kwenye nyumba yenye uwanja uliofagiwa ukafagika, na kamera yake imetundikwa msumarini, imefungwa kwenye kilemba kama mtu anayeumwa jino. Aliniwekea uji wa ulezi, akazishika picha zile mbili kwenye pembe zake, akazipeleka dirishani.

"Kwa hiyo alifika kwenye mbili," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Alifika kwenye mbili. Sasa mama, aliamuaga vipi akifika hapo?"

Alinigeukia. "Wewe huniulizi mimi hilo. Alikuwa anaamulia kwako."

"Kwangu?"

"Kwenye mashine yako! Hujawahi kuona picha mezani, pale unapowekea kamba za magunia?"

Nilikuwa nimeziona. Mara nyingi nilikuta picha mbili au tatu kwenye meza ile wateja wanapongojea, nikazisogeza ili niweke mizani yangu ya kupimia. Nilidhani amezisahau. Mama wa Butiama alinicheka mpaka akafuta macho, na sikujua mwisho wa kicheko chake ulikuwa kicheko au kingine.

"Aliziwekaga pale, anakwenda kukaa nje kwenye benchi kama anangoja unga. Haulizi mtu. Sikiliza, mkwe wangu. Ukiwauliza watu, watakujibu wewe, hawatajibu picha. Ile wanayoicheka na kuirudisha mezani, aliiacha. Ile wanayogombania, aliituma."

"Kwa hiyo nikifanya hivyo, utaikubali?"

Alimaliza uji wake kwanza. "Nikikubali ni kwa sababu njia ni yake. Lakini usiwaambie ni za nani. Na usisimame karibu, una uso wa kuomba."

Nilifanya siku ya gulio, watu wakiwa wengi. Niliziweka mezani zikiangalia juu, nikarudi kwenye mashine na kuwapa mgongo. Shida ni kwamba sikusikia kitu. Mashine ikinguruma unaona midomo tu. Niligeuza shingo mara moja nikaona mwanamke mwenye gunia la mihogo mikavu ya udaga ameishika picha yangu juu na wenzake wanapiga makofi kwa kicheko. Nikafikiri, ndiyo hiyo.

Umeme ukakatika. Hapa umeme hukatika tunapouhitaji, na siku ile nilishukuru kwa mara ya kwanza. Mashine ilipungua, ikalia kidogo, ikanyamaza, na sauti za watu zikabaki peke yake.

"Mzee, kumbe ni wewe huyu!" mwanamke wa udaga akaniita. "Mgongo huu naujua, ndio unaotupaga kila siku."

"Umekuwa mweupe kama mtu aliyefukuliwa," akasema dereva wa bodaboda aliyekuwa amekalia kiroba chake. "Ukimtokea mtu hivyo porini anakuachia pikipiki."

"Muache mwenzio. Ni kazi," mwanamke akamwambia.

"Sijasema si kazi. Nimesema anatisha."

Wakacheka, na mwanamke akairudisha picha mezani, kifudifudi. Ilikwisha hivyo. Hakuna aliyeichukua tena.

Ile ya miamba ilikuwa mikononi mwa bibi mmoja jirani yetu, ambaye anakuja na ulezi kidogo kwenye kisado na hana haraka kamwe. Alikuwa ameisogeza karibu na pua.

"Hapa ni Mwisenge," akasema.

"Bibi, Mwisenge gani? Hapo Makoko," dereva akajibu.

"Mimi nimefua Mwisenge baba yako hajaoa."

"Sawa, lakini miamba ya Mwisenge haina mlalo huo. Angalia huo mpasuko."

Mwanamke wa udaga akaivuta. "Nyie mnabishana mahali. Mimi nauliza wenye nguo wako wapi? Nguo haziachwi hivi kwenye mji huu. Ukigeuka, shuka imeolewa."

"Wamejificha jua."

"Jua lipi? Hii ni asubuhi, kivuli cha beseni ni kirefu."

"Jioni hiyo!" dereva akadakia, akaivuta picha kwake. "Asubuhi nguo zingekuwa bado zimekunjamana kwa maji. Hizi zimekauka, tazama sketi ilivyonyooka."

"Ni za familia moja hizi?"

"Sketi za saizi tatu. Ana mabinti watatu na mchanga mmoja. Maskini, na sabuni ilivyopanda."

"Nani kakwambia ni zake? Labda anafulia watu."

Bibi aliidai picha irudi kwake. Dereva akasema amalize kwanza. Wakavutana, kisado cha ulezi kikapinduka, ulezi ukatapakaa sakafuni, na hata wakati wa kuokota walikuwa wanabishana kama ni asubuhi au jioni. Umeme ulirudi. Nilisimama na mkono kwenye swichi nikawa siiwashi.

Nilisikia kitu kama wivu. Ni ajabu mtu kumwonea wivu shuka. Jioni nilipokuwa nafagia nikaiokota ile yangu, nikawaza kwamba hakuna anayejua kilichotokea humu ila mimi. Ningeituma, mama wa Butiama angeamini. Niliiwaza vizuri, mpaka mwisho. Kisha nikaiweka kwenye Biblia ya nyumbani na asubuhi nikamtumia fundi wa Bunda ujumbe asafishe nane za miamba. Aliuliza kama awang'arishe. Nikamwambia hapana mtu wa kung'arisha humo.

Niligawa bahasha zote kwenye kitanda chetu, kwa sababu meza haikutosha. Mizani ya Bunda, mlango wa bati, miamba, kila moja kwa kila mtu. Nyuma ya picha ya miamba niliandika jambo moja, lilelile mara nane, na mara ya tisa nyuma ya ile ya majaribio niliyobaki nayo: kwamba picha ni ya mke wangu, na kwamba ilichaguliwa mashineni na watu wanaongojea unga, mimi sikuchagua. Niliona ni haki wajue.

Vikaratasi vilianza kurudi. Mkulima wa Bunda aliona kwamba shuka imeshonwa katikati, ni shuka mbili zilizounganishwa. Mtu wa Nyegina aliona kwamba hapana nguo hata moja ya mwanamume. Kila kimoja kilinirudisha kwenye picha, na kila mara kilichosemwa kilikuwepo na mimi nilikuwa sijakiona.

Cha mama wa Butiama kilikuja mwisho. Hakikusema kama amekubali au hakukubali. Kilisema: "Naona kila nguo imewekewa jiwe moja tu, na kila jiwe liko upande wa ziwa. Kwa nini?"

Nilichukua picha. Ni kweli. Hata vitambaa vya mtoto vilikuwa na vijiwe vyake, vyote upande mmoja. Nilifikiri juu ya jambo hilo siku nzima nikisaga. Mwisho nikamwachia jirani funguo za mashine, nikaenda Makoko kwa miguu, nikitafuta ule mpasuko wa mwamba ambao dereva aliusema.

Ulikuwepo. Na wanawake walikuwepo, wanne, wamekaa chini ya kivuli cha mwamba ambapo mtu wa juu hawaoni. Niliwasalimu, nikauliza kuhusu mawe. Nilijiona mjinga kabla sijamaliza swali.

Waliangaliana. "Upepo wa mchana si unatokaga ziwani?" akasema mkubwa wao, mikono ikiwa ndani ya beseni. "Ukikandamiza huku unakotokea, nguo inalala. Ukikandamiza kule, inapinduka, inakwenda kufagia."

"Na kwa nini jiwe moja?"

"Pakikaa jiwe hapakauki. Unataka nguo iwe na madoa kama kanga wa porini?"

Mwingine akasema, "Nyie watu mna maswali ya watoto. Yule mama wa kamera naye alituulizaga hivihivi, mpaka akaanika na ya kwake ajaribu."

"Ikapinduka," akasema wa tatu, na wote wakacheka kwa kukumbuka. "Shuka ikamfunika na kamera yake!"

"Siku hizi haonekani. Alisema akishasafisha atatuletea tuione. Au ametudanganya?"

Nilikuwa sijawahi kulisema. Msibani lilisemwa na kaka yake, kanisani na padri, na wote walionipigia simu walikuwa wameshalijua. Mimi nilijibu "asante" tu.

"Hajawadanganya," nikasema. "Ni mke wangu. Amefariki."

Yule mkubwa alitoa mikono majini. Kisha akaniambia pole, kwa sauti ya chini, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Mwenye maswali ya watoto aliuliza aliumwa nini, nikawaambia figo, nikawaambia tangu lini, na niliona kwamba ninaweza kuendelea kusema.

"Na picha?" mkubwa akauliza. "Aliiacha?"

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliitoa kumpa, akainua viganja vyote viwili vimejaa povu.

"Ishike wewe, tutaiharibu. Iinue."

Nikaiinua. Walisogea, wakabanana, mmoja akapiga magoti ili asimzibe mwenzake. Kutoka nilipokuwa sikuiona picha. Niliona mgongo wake mweupe wenye mwandiko wangu, na juu yake nyuso zao nne zikitafuta, kila moja mahali pake.

"Sogeza huku kidogo," akasema aliyepiga magoti. "Hapo. Usitikise."